Bunduki ya Koyote: Historia ya Silaha ya Bei Nafuu Katika Nyika za Marekani

Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa anayeishi Amerika Kaskazini na Amerika ya Kati. Kwa umbo na mwenendo anafanana na bweha wa nyika za Afrika Mashariki, ila ni mkubwa kidogo: aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 9 hadi 20, kutegemea mahali anapoishi. Jina lake limetoka katika neno coyotl la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, likapitia Kihispania hadi Kiingereza. Mwaka 1823 mwanasayansi Thomas Say alimwandika kwa jina la Kilatini Canis latrans, yaani mbwa anayebweka. Chakula chake ni panya, sungura, wadudu, matunda na mizoga. Lakini panapofugwa kondoo, hula pia wanakondoo. Uhasama wake na wafugaji ulianzia hapo, na historia ya bunduki ya kumwindia inaanzia hapo pia.

Katika historia hiyo swali moja limekuwa likijirudia: mtu wa kipato cha kawaida anunue bunduki gani, ya kaliba gani? Kaliba ni kipimo cha tundu la mtutu, na Wamarekani hukitaja kwa sehemu za inchi: .22 ni kama milimita 5.6, .243 ni kama 6.2, na .30 ni 7.62. Kwa anayewinda kitoweo jibu ni jepesi, maana kulungu mmoja hujaza friji na gharama ya risasi ikasahaulika. Koyote haliwi, na bei ya ngozi yake hupanda msimu huu ikaanguka msimu ujao. Tena ni mjanja, hupigwa akiwa mbali, na sehemu ya kifua inayofaa kulengwa haizidi sana upana wa kisahani cha chai. Anayetaka kuipata shabaha hiyo lazima afanye mazoezi, na mazoezi hula risasi. Bei ya bunduki hulipwa mara moja. Bei ya risasi hulipwa kila wiki. Kwa sababu hiyo kaliba zilizodumu mikononi mwa wakulima na wafanyakazi ni zile ambazo risasi zake zilishuka bei, na mara nyingi kilichozishusha bei kilikuwa jeshi au kiwanda kikubwa, wala si mahitaji ya wawindaji.

Sumu, mtego na bunduki ya nyumbani

Katika karne ya 19 bunduki haikuwa silaha kuu dhidi ya koyote. Wawindaji wa mbwamwitu na wafugaji wa nyanda za magharibi walitumia striknini, sumu iliyopakwa kwenye mzoga wa nyati au ng'ombe na kuachwa usiku. Mzoga mmoja uliweza kuua wanyama wengi bila kufyatua risasi hata moja. Mitego ya chuma ilifanya kazi iliyobaki. Mwaka 1915 Bunge la Marekani lilitenga dola 125,000 ili wakala wa serikali ulioshughulikia wanyamapori uangamize mbwamwitu na koyote, na mwaka 1931 ikapitishwa sheria iliyoupa mpango huo mamlaka na fedha. Wawindaji walioajiriwa na serikali waliendelea kutegemea sumu na mitego kuliko risasi.

Mfugaji mwenyewe alitumia bunduki iliyokuwapo nyumbani. Katika nyumba nyingi hiyo ilikuwa moja kati ya mbili. Ya kwanza ni bunduki ndogo ya risasi za .22 Long Rifle, zilizotoka mwaka 1887 na ambazo mpaka leo ni miongoni mwa risasi za bei ya chini kabisa duniani. Kichwa chake, yaani kile kipande cha madini kinachoruka, kina uzito wa gramu 2.6 tu na hutoka kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti. Kwa sungura na kuku-mwitu inatosha. Kwa koyote hutosha akiwa karibu mno na akipigwa mahali penyewe hasa. Akijeruhiwa tu hukimbia akafie shimoni.

Ya pili ni bunduki ya Winchester ya mwaka 1894, inayokokiwa kwa wenzo ulio chini ya kitako na iliyobebwa kwenye ala ya tandiko la farasi. Risasi yake mashuhuri, .30-30, ilitoka mwaka 1895 ikiwa miongoni mwa risasi za kwanza za uwindaji nchini humo kutumia baruti isiyo na moshi. Ilitengenezwa kwa ajili ya kulungu. Kichwa chake ni kizito, takriban gramu 11, na mwendo wake ni wa wastani, kama mita 670 kwa sekunde. Bunduki iliyorekebishwa ilenge sawasawa kwenye mita 90 huangusha kichwa hicho kwa sentimita 20 hivi kikifika mita 180. Kwa kulungu mwenye kifua kipana kosa hilo linavumilika. Kwa koyote, sentimita 20 ni tofauti ya kumpata na kurusha vumbi chini ya tumbo lake.

Pengo lilikuwa wazi: risasi ndogo ilikuwa rahisi lakini dhaifu, na kubwa ilikuwa na nguvu lakini ilipinda njia. Kilichohitajika ni kichwa chepesi kinachokwenda kwa kasi kubwa, kwa kuwa kasi hunyoosha njia na kumwondolea mlengaji kazi ya kukisia umbali. Fundi Charles Newton alionyesha njia alipoibunia kampuni ya Savage risasi ya .250-3000, iliyotoka mwaka 1915. Tarakimu za mwisho zilitaja mwendo wake, futi 3,000 kwa sekunde, sawa na mita 914, ambao wakati huo ulikuwa wa kustaajabisha. Ilikuwa nzuri, ila bei yake haikuwa ya mtu wa kukimbiza wezi wa kondoo kila asubuhi. Hata hivyo, ganda lake la shaba lilikuja kuwa na uzao mkubwa, kama itakavyoonekana.

Nyigu wa Springfield

Jibu la kwanza la bei nafuu lilitoka kwa watu waliokuwa karibu na karakana ya silaha ya serikali huko Springfield, Massachusetts, katika miaka ya 1920. Wakiongozwa na Townsend Whelen na Grosvenor Wotkyns, walichukua ganda dogo la zamani, la risasi ya .22 iliyotumia baruti nyeusi tangu mwaka 1885, wakalijaza baruti ya kisasa na kulipachika kichwa cha gramu 2.9 chenye koti la shaba. Mwendo ulifika karibu mita 730 kwa sekunde. Risasi hiyo ikaitwa .22 Hornet, maana yake nyigu.

Kampuni ya Winchester ilianza kuziuza risasi za Hornet mwaka 1930, kabla kampuni yoyote kubwa haijatoa bunduki ya kuzipigia. Wanunuzi wa mwanzo walizipeleka kwa mafundi bunduki ndogo walizokuwa nazo ili zibadilishwe. Miaka michache baadaye Savage ikaleta bunduki ya kiwandani ya bei ya chini, na kampuni nyingine zikafuata. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na Hornet ilikubaliana na hali hiyo: ilitumia baruti kidogo, haikuutafuna mtutu, haikuwa na kishindo cha kuwaamsha majirani, na ilimfikia koyote mpaka mita 150 hivi.

Kifaa kingine kilichozaliwa mwaka huohuo wa 1930 kilibadilisha hesabu yote. William Weaver alitoa darubini ya bunduki, modeli ya 330, aliyoiuza kwa dola 19 pamoja na kishikizo chake. Kabla yake darubini zilikuwa za matajiri na za walenga shabaha wa mashindano. Bila darubini, risasi inayofika mita 200 ina faida ndogo, kwa sababu jicho halimwoni sawasawa koyote wa rangi ya majani makavu aliyesimama ndani ya majani makavu. Tangu wakati huo gharama ya bunduki ya koyote ikawa ni ya vitu viwili, na mwenye busara aliigawa fedha yake kati ya bunduki na darubini badala ya kuimaliza yote kwenye bunduki.

Mbio zilizomshinda mnunuzi

Mwaka 1935 Winchester ilitoa .220 Swift, risasi ya kwanza ya kibiashara iliyovuka futi 4,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita 1,200. Njia yake ilikuwa karibu mstari ulionyooka. Lakini joto la baruti nyingi inayopita kwenye tundu jembamba huila shingo ya mtutu, hasa mpigaji akifyatua mfululizo bila kuuacha upoe, na Swift ikapata sifa ya kumaliza mitutu mapema. Sifa hiyo ilitiwa chumvi, ila ilitosha kumtisha mtu ambaye mtutu mpya ni mshahara wa wiki kadhaa.

Wakati huohuo mafundi wa mitaani walikuwa na njia yao. Walichukua lile ganda la .250 la Newton, wakalibana shingo lishike kichwa cha .22, na kupata risasi iliyokaribia Swift kwa mwendo huku ikitumia ganda lililokuwa likipatikana kwa urahisi. Mmoja wao, J. E. Gebby, aliisajili kwa jina la Varminter mwishoni mwa miaka ya 1930. Wengine waliiita kwa tarakimu tu, .22-250. Kwa karibu miaka 30 haikuuzwa dukani kama risasi iliyokamilika. Aliyeitaka aliijaza mwenyewe.

Kujaza risasi nyumbani ndiko kulikowawezesha watu wa kawaida kushiriki mbio hizo. Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda, lililo ghali kuliko zote, haliharibiki kwa kufyatuliwa mara moja. Likisafishwa, likarudishiwa umbo kwa mashine ndogo ya mkono na kuwekewa fataki, baruti na kichwa kipya, hupigwa tena na tena. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vichwa vyenyewe vilipoadimika, watu waligundua kwamba maganda yaliyotupwa ya .22 Long Rifle yanaweza kukandamizwa yakawa makoti ya vichwa vipya, ndani yakijazwa risasi ya madini laini. Mwaka 1943 Fred Huntington wa Oroville, California, alianza kuunda vyombo vya kazi hiyo. Jina la kampuni yake, RCBS, lilitokana na jina la chombo chenyewe, na chombo kiliitwa kwa jina la mnyama mdogo wa milimani aliyekuwa akiwindwa kwa vichwa hivyo. Joyce Hornady naye alianza kwa takataka hizohizo za viwanja vya shabaha kabla ya kufungua kampuni yake huko Grand Island, Nebraska, mwaka 1949.

Mabaki ya vita

Vita vilipokwisha, serikali ilibaki na maghala ya baruti isiyohitajika. Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua shehena ya baruti aina ya 4895, iliyokuwa imetengenezwa kwa risasi za askari, akaiuza kwa rejareja kwa bei ambayo haikuwahi kuonekana. Ilifaa kujazia karibu kila ganda la kati, likiwamo la .22-250. Maelfu ya watu waliojifunza kulenga shabaha jeshini wakajikuta wanaweza kupiga risasi za kasi kwa senti chache.

Bunduki nazo zilitoka kwenye mabaki. Bunduki za Mauser, Springfield na Enfield, zote za kukokiwa kwa komeo na zenye chuma imara, ziliuzwa kwa oda za posta kupitia matangazo ya magazeti. Mnunuzi alikata ubao wa ziada, akafupisha mtutu au kuubadilisha, akatoboa matundu ya darubini, akapata bunduki ya kuwindia kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Namna bei ilivyokuwa chini inaonekana katika mfano unaojulikana kuliko yote: bunduki ya Kiitalia ya Carcano iliyotumika kumuua Rais John F. Kennedy mwaka 1963 ilikuwa imeagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago, pamoja na darubini yake, kwa dola 19.95 bila nauli.

Mauaji hayo, na mengine yaliyofuata, yalizaa Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968. Raia wa jimbo moja hakuweza tena kuagiza bunduki kwa posta moja kwa moja kutoka jimbo jingine, na milango ya kuingiza silaha zilizotumika na majeshi ya nje ikafungwa kwa muda mrefu. Mwindaji wa kipato kidogo akarudi kwenye duka la mjini kwake, na viwanda vya nyumbani vikapata soko ambalo mabaki ya vita yalikuwa yakivinyang'anya.

Kutoka .222 hadi .223

Mwaka 1950 Remington ilitoa risasi mpya kabisa, .222, iliyobuniwa na mhandisi wake Mike Walker. Haikutokana na ganda la zamani. Ilisanifiwa upya ikae katikati ya Hornet na Swift. Kichwa cha gramu 3.2 kilitoka kwa mwendo wa karibu mita 960 kwa sekunde. Kishindo kilikuwa cha wastani, mtutu ulidumu, na usahihi wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kwa miaka mingi ilitawala mashindano ya shabaha. Bunduki ya Remington iliyoambatana nayo, modeli ya 722, iliundwa kwa makusudi ipunguze gharama za uchongaji. Kwa koyote wa mita 200, watu wengi waliona kwamba safari ya kutafuta risasi nafuu imefika mwisho.

Lakini aliyeimaliza safari hiyo kweli ni jeshi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilikuwa likitafuta bunduki nyepesi, na Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite alijaribu silaha yake kwa risasi ya .222. Masharti ya jeshi kuhusu umbali yalihitaji baruti zaidi kidogo, ganda likarefushwa, na matokeo yakaitwa .223 Remington. Jeshini ikajulikana kama 5.56 na ikawa risasi ya bunduki ya M16. Mwaka 1980 jumuiya ya NATO iliifanya risasi ya kiwango kwa nchi wanachama. Kwa mwindaji, .223 ilikuwa na nguvu kuliko .222 kwa kiasi kidogo tu. Tofauti ilikuwa kwenye sanduku: viwanda vilivyozalisha kwa ajili ya jeshi vilitoa risasi na maganda kwa wingi ambao hakuna risasi ya uwindaji peke yake ingeweza kuufikia. Maganda ya .223 yaliyookotwa bure kwenye uwanja wa shabaha yalitosha kuijazia bunduki ya koyote mwaka mzima. Taratibu .222 iliondoka kwenye rafu, si kwa ubaya wake.

Urithi huo wa kijeshi ulileta pia hatari ndogo ambayo vitabu vya bunduki huonya juu yake. Risasi ya 5.56 na ya .223 zinafanana kwa macho, lakini chumba cha bunduki ya kijeshi kina nafasi kubwa zaidi mbele ya kichwa, na risasi zake huruhusiwa shinikizo la juu. Bunduki iliyochongwa kwa .223 pekee haikukusudiwa kupigia risasi za kijeshi, na maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu ndiyo yanayoonyesha kipi kinaruhusiwa.

Wakati .223 ikienea, .22-250 iliokolewa na uamuzi wa kibiashara. Winchester iliacha kuitengenezea bunduki Swift, na mwaka 1964 ikaleta .225 iwe mrithi. Lakini mwaka 1963 Browning ilikuwa imefanya jambo lisilo la kawaida: ilitoa bunduki ya .22-250 ingawa hakuna kiwanda kilichouza risasi zake. Mwaka 1965 Remington ikaitia risasi hiyo katika orodha yake. Watu waliokuwa wakiijaza jikoni kwa miongo mitatu waliifahamu tayari, na .225 haikupata nafasi. Tangu hapo .22-250, yenye kichwa cha gramu 3.6 kinachotoka kwa zaidi ya mita 1,100 kwa sekunde, imekuwa chaguo la nyika pana ambako koyote huonekana kuanzia mita 250, kwa yule anayekubali kutumia baruti nyingi zaidi na mtutu kuchakaa mapema.

Bunduki moja, kazi mbili

Njia nyingine ya kubana matumizi ni kununua bunduki moja itakayoua koyote wakati wa baridi na kulungu wakati wa msimu wake. Kwa kaliba za .22 hilo lilikuwa na utata, kwa kuwa majimbo kadhaa hayakuruhusu kaliba hizo kwa kulungu. Mwaka 1955 kampuni mbili zilijibu kwa pamoja, na tofauti ya hatima zao inaeleza mengi.

Winchester ilitoa .243 na Remington ikatoa .244. Zote zilikuwa na kichwa cha kipenyo kilekile, na .244 ilikuwa na ganda kubwa kidogo. Tofauti ilikuwa ndani ya mtutu. Mtutu wa bunduki huchongwa mifereji inayozunguka kama uzi wa parafujo ili kichwa kitoke kikizunguka na kisipinduke angani. Kichwa kikiwa kirefu zaidi huhitaji mzunguko wa haraka zaidi. Remington iliiona .244 kama risasi ya wanyama wadogo, ikachonga mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, unaofaa vichwa vyepesi. Winchester ilichonga mzunguko mmoja kwa inchi 10, uliotosha pia kichwa cha gramu 6.5 kinachofaa kulungu. Wanunuzi hawakutaka bunduki mbili. Waliinunua .243 kwa wingi, na ingawa Remington baadaye ilibadilisha uchongaji na mwaka 1963 kuipa risasi yake jina jipya la 6mm Remington, soko lilikuwa limekwisha kuamua. Mpaka leo .243 hupatikana kwa urahisi, hasa katika maduka ya miji midogo.

Namna viwanda vilivyopunguza bei

Bunduki ya bei nafuu haikutokea kwa kupunguza ubora wa mtutu, maana mtutu ndio unaolenga. Gharama iliokolewa kwenye ubao, kwenye kung'arisha na kwenye saa za fundi. Savage 340, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1950 hadi 1985, ilikuwa na komeo rahisi na ubao usiopambwa. Maduka makubwa yaliiuza kwa majina yao wenyewe. Ilipatikana kwa .22 Hornet, .222 na .30-30. Kampuni ya Harrington & Richardson iliuza bunduki ya risasi moja inayokunjwa katikati kama bunduki za marisawa, isiyo na chumba cha akiba wala komeo, ambayo kijana wa shamba aliweza kuinunua kwa fedha za kibarua.

Remington 788, iliyotoka mwaka 1967 na kuachwa mwaka 1983, ndiyo iliyoacha sifa kubwa kuliko zote. Ubao wake ulikuwa wa mti wa kawaida uliopakwa rangi, na umbo lake halikumvutia mtu. Lakini mwili wake wa chuma ulikuwa mnene na usio na matundu mengi, hivyo haukupinda wakati wa kufyatuliwa, na mara kwa mara ilizishinda kwa usahihi bunduki za kampuni hiyohiyo zilizouzwa kwa bei ya juu. Ilipatikana kwa .222, .22-250 na .243 miongoni mwa nyingine.

Mchango wa kudumu zaidi ulikuwa nati moja. Mwaka 1958 mhandisi Nicholas Brewer aliisanifu Savage 110 ambayo mtutu wake haukazwi moja kwa moja mpaka mwisho, bali hushikwa na nati kubwa. Katika bunduki nyingine fundi stadi hulazimika kuchonga kidogo kidogo mpaka nafasi kati ya komeo na ganda iwe kamili. Ikizidi au ikipungua, bunduki ni hatari au haifungi. Kwa nati, mfanyakazi huingiza kipimo cha chuma ndani ya chumba, huzungusha mtutu mpaka uguse, kisha hukaza nati. Kazi ya saa ikawa ya dakika, na mwenye bunduki akaweza hata kubadilisha kaliba baadaye kwa kununua mtutu tu. Savage ilipofilisika mwaka 1988, bunduki hiyo ndiyo iliyoiinua tena. Nati kama hiyo imeigwa na kampuni nyingine: hutumika pia kwenye Ruger American, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ambayo pamoja na Savage Axis ya mwaka 2011 ilirudisha bunduki mpya ya komeo chini ya dola 500, ikiwa na kitako cha plastiki na usahihi ambao zamani ulihitaji fundi maalumu.

Ngozi, sheria na uhaba

Bei ya ngozi iliwahi kuichagua kaliba kwa muda. Katika miaka ya 1970 mitindo ya mavazi iliyapa thamani manyoya marefu, na koyote akawa na soko zuri. Mwindaji wa ngozi hataki tundu kubwa la kutokea, kwa kuwa kila mshono hupunguza bei. Mwaka 1971 Remington ilitoa .17, yenye kichwa cha gramu 1.6 kinachokwenda zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde: huingia kwa tundu lisiloonekana vizuri na kuvunjikia ndani bila kutokea upande wa pili. Soko la ngozi lilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1980, .17 ilibaki kuwa ya wachache.

Sheria nazo zilibadilika. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alipiga marufuku matumizi ya sumu dhidi ya wanyama wala nyama katika ardhi za serikali kuu, na bunduki na mtego vikapata uzito zaidi. California ilikataza mashindano ya kuua koyote kwa zawadi mwaka 2014, Vermont ikafuata mwaka 2018 na New Mexico mwaka 2019. Kuanzia tarehe 1 Julai 2019 California pia inataka uwindaji wote ufanywe kwa vichwa visivyo na madini ya risasi. Vichwa vya shaba tupu ni ghali zaidi, na kwa kuwa shaba ni nyepesi, kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi. Swali lililoiangusha .244 limerudi: bunduki kuukuu za .223 zenye mzunguko wa inchi 12 hushindwa kutuliza vichwa hivyo virefu, na mpya huchongwa kwa inchi 9 au 8.

Hata unafuu wa .223 umeonekana kuwa na mipaka. Baada ya mwaka 2012, na tena wakati wa janga la korona mwaka 2020, hofu ya sheria mpya na wimbi la wanunuzi viliondoa madukani risasi za .223 na .22 Long Rifle kwa miezi. Risasi inayopendwa na jeshi, polisi, walenga shabaha na wawindaji kwa pamoja ndiyo inayokwisha mwanzo. Aliyekuwa na maganda aliyoyatunza, fataki na baruti kwenye kabati hakuathirika sana, kama babu yake wa mwaka 1943.

Mahali uchaguzi ulipofikia

Kwa hesabu ya zaidi ya karne moja, ngazi ya kaliba imetulia. Kwa mashamba madogo yaliyo karibu na nyumba za watu, Hornet bado inafaa, ingawa risasi zake leo ni ghali kwa sababu hutengenezwa chache. Kwa umbali wa kawaida, mpaka mita 250 hivi, .223 ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote kwa kila koyote anayepatikana. Kwa nyanda pana za wazi ni .22-250, na kwa mwenye uwezo wa kununua bunduki moja tu itakayowinda kulungu pia, ni .243. Zote hupatikana katika bunduki za komeo za bei ya chini, na katika zote darubini ya wastani na risasi za mazoezi huleta matokeo kuliko bunduki ya gharama kubwa iliyonunuliwa bila hivyo viwili.

Koyote mwenyewe hakupungua. Mbwamwitu aliyekuwa mshindani wake aliangamizwa sehemu nyingi, misitu ikakatwa kuwa mashamba, na palipouawa koyote wengi, waliobaki walizaa watoto wengi zaidi. Mnyama ambaye Thomas Say alimwandika akiwa wa nyanda za magharibi leo anaishi katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii, hata katika miji mikubwa kama Chicago na Los Angeles, ambako hakuna anayeruhusiwa kumwelekezea mtutu.